Waliobaki Pullman

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Agosti 2023, mwendo wa saa saba, simu yangu ilitetemeka juu ya godoro. Alikuwa mteja wangu, Mmarekani mwenye tovuti ya mashabiki wa michezo ya vyuo. Ujumbe ulikuwa mfupi: Oregon na Washington wamehama, anataka maneno 1,200, na anayataka kabla hajalala. Kwake ilikuwa bado jioni. Kwangu, hapa Roysambu, hata mbwa wa ploti walikuwa wamenyamaza.

Nilichemsha maji ya kahawa, nikaangalia tokeni za stima zimebaki ngapi, nikaanza. Kufikia alfajiri nilikuwa nimeeleza kwa ufasaha kabisa, chini ya jina la mtu mwingine, jinsi ligi yenye mizizi ya zaidi ya miaka 100 ilivyovunjika kwa siku moja. Sijawahi kukanyaga Marekani. Sijawahi hata kuushika ule mpira wao wenye umbo la yai. Lakini niulize habari za Pac-12 nikwambie, maana ndiyo iliyonilipia nyumba mwaka ule.

Wacha nikupe kwa ufupi. Kule, michezo ya vyuo si ile tuliyoizoea, ya wanafunzi 40 kwenye nyasi na mmoja wao ana vuvuzela. Viwanja vingine hubeba zaidi ya watu 100,000. Vyuo hujipanga katika makundi ambayo wao huyaita konferensi. Mimi nitasema ligi tuelewane. Kwa miaka mingi ligi zilifuata ramani, unacheza na majirani zako. Ile ya pwani ya magharibi ilianza mwaka 1915, ikabadilisha majina mara kadhaa, na ilipofikisha vyuo 12 mwaka 2011 ikaitwa Pac-12.

Kisha pesa za televisheni zikanoga. Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vikubwa vya Los Angeles, vilitangaza kwamba vinahamia Big Ten, ligi ambayo kwao ni kule katikati na kaskazini mwa nchi. Wiki chache baadaye Big Ten ikatia sahihi mikataba ya televisheni ya miaka 7, thamani yake zaidi ya dola bilioni 7. Julai 2023 Colorado nayo ikaaga, ikaelekea Big 12. Pac-12 ilikuwa bado inahangaika kutafuta mkataba wake. Kilichokuwa mezani ni ofa ya Apple ya kuonyesha mechi mtandaoni kwa waliolipia. Tarehe 4 Agosti, Oregon na Washington wakaona hapa hakuna kitu, wakafuata wenzao Big Ten. Siku hiyohiyo Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Mwanzoni mwa Septemba, Stanford na California wakapokewa ACC, ambayo herufi zake zinataja pwani ya Atlantiki. Stanford na California wako upande wa Pasifiki. Usinicheke, mimi niliandika tu. Siku hizi Big Ten ina vyuo 18 na Big 12 ina 16. Walimu wa hesabu nadhani hawakualikwa mkutanoni.

Wakabaki wawili: Oregon State, na Washington State wa mji mdogo wa Pullman.

Wiki hiyo mteja aliniagiza orodha ya washindi na waliopoteza. Nikaiweka Washington State mwisho kabisa, na chini yake nikaandika sentensi ambayo bado inanisumbua: kwamba ni chuo kilichoachwa kwa sababu hakina kitu ambacho mtu yeyote anakitaka. Mteja aliipenda. Aliniongeza dola 3.

*

Tarehe 15 Februari 2024 Henry Rono alifariki hapa Nairobi, akiwa na umri wa miaka 72. Kesho yake mjomba wangu wa Kapsabet alinipigia. Mjomba ni mwalimu mstaafu. Hapigi simu bila sababu, na akipiga hasalimii kwa haraka. Aliniuliza hali, akauliza kazi, akauliza kama nakula. Halafu akasema, "Sasa wewe unayeandika, umeandika nini kuhusu Rono?"

Nikamwambia sijaandika kitu, naandika tu ninachotumwa.

"Basi sikiliza," akasema, akaanza kunihesabia kama anasoma rejista ya darasa. Mwaka 1978. Tarehe 8 Aprili, Berkeley, mita 5,000, dakika 13:08.4. Tarehe 13 Mei, Seattle, mbio za viunzi na maji, 8:05.4. Tarehe 11 Juni, Vienna, mita 10,000, 27:22.4. Tarehe 27 Juni, Oslo, mita 3,000, 7:32.1. Rekodi nne za dunia katika siku 81. "Na hakuwa mtu wa kulipwa," mjomba akasema. "Alikuwa mwanafunzi. Mwanafunzi, unasikia? Washington State."

Nilinyamaza mpaka akauliza kama simu imekatika.

Kumbe jina nilikuwa nalijua, kama tunavyojua majina mengi ya wakimbiaji wetu, kwa juujuu. Sikuwa nimewahi kuliunganisha na ile orodha yangu. Baadaye nilitazama ramani. Pullman iko katikati ya vilima vya ngano, na ukiambiwa hii picha ni ya Uasin Gishu unaweza kukubali kabla hujaona magari. Kijana wa Nandi alipelekwa huko, akashinda mbio za nyika za vyuo vyote vya Marekani mara tatu, 1976, 1977 na 1979. Olimpiki hakuwahi kukimbia hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980. Kwa hiyo katika ujana wake wote mahali palipomwona akikimbia wiki baada ya wiki ni kwenye viwanja vya vyuo. Tena angalia rekodi zake mbili za kwanza: Berkeley ni nyumbani kwa California, na Seattle ni nyumbani kwa Washington. Alizivunja katika miji ya mahasimu wa chuo chake.

Ligi yenyewe mwaka huo ilikuwa inaitwa Pac-8. Ilipofika Julai, Arizona na Arizona State wakaingia, ikawa Pac-10. Kuhama si jambo jipya. Lakini zamani wageni walikuwa wanakuja.

*

Nilijaribu kumweleza mjomba kilichotokea. Aliuliza maswali ya mtu aliyekaa kwenye baraza nyingi za ardhi.

"Walikuwa 12?"

"Ndiyo."

"Wakahama 10?"

"Ndiyo."

"Na shamba likabaki na nani?"

Hapo ndipo alinishika, kwa sababu hilo ndilo swali lililofika mahakamani. Wale 10 walikuwa bado wanataka kuketi kwenye bodi na kupiga kura kuhusu mali ya ligi wanayoikimbia. Novemba 2023 mahakama ya Kaunti ya Whitman, ambayo ndiyo kaunti ya Pullman, ikasema hapana: wanaobaki ndio wenye kuamua. Mwezi uliofuata pande zote zikakubaliana.

Mjomba alicheka sana. "Sasa hao wawili ni matajiri."

"Si sana, mjomba. Hawana wa kucheza naye."

Hilo lilimnyamazisha kidogo. Kisha akasema kwamba ng'ombe bila majirani ni kazi tu.

Nimeandika mengi juu ya uhasama wa vyuo, na naona mjomba aliukaribia kuliko makala zangu zote. Nairobi tunajua. Gor Mahia na AFC Leopards wanaitwa Mashemeji kwa sababu ndani ya nyumba moja mume anaweza kuwa wa kijani na mkewe wa Ingwe. Utani unakolea kwa sababu Jumatatu mtakutana kazini, na Disemba mtakutana kwenye mahari. Washington na Washington State ni hivyohivyo. Kutoka Pullman hadi Seattle ni kama Nairobi na Mombasa kwa barabara. Wamecheza tangu 1900. Mechi yao inaitwa Apple Cup, na kwa kawaida ilikuwa ikifunga msimu mwezi wa 11, wakati familia zinakusanyika. Mmoja alipohamia Big Ten, mechi ilinusurika, lakini ya 2024 ikasogezwa hadi Septemba, kama arusi iliyosogezwa kwa sababu bwana harusi ana mkutano mwingine.

Nyingine hazikupata hata hiyo bahati. Texas na Texas A&M walianza kucheza 1894. A&M ilipohamia SEC mwaka 2012, mechi ikafa. Ile ya mwisho, Novemba 2011, Texas walishinda 27 kwa 25 kwa mkwaju wa sekunde ya mwisho, halafu kimya cha miaka 13. Ilirudi tarehe 30 Novemba 2024, na haikurudi kwa sababu mtu alijuta. Ilirudi kwa sababu Texas nayo ilihamia SEC, ikafuata pesa zilezile na kumkuta jirani yake wa zamani huko.

"Na wakimbiaji?" mjomba akauliza. "Wao walipigiwa kura?"

Hawakupigiwa. Kandanda ile ya kofia ngumu ndiyo inayoleta pesa za televisheni, na ndiyo inayoamua. Mbio, voliboli, kuogelea, wote hubebwa kama mizigo kwenye paa la basi. Edward Cheserek wa kutoka Marakwet alishinda mataji 17 ya kitaifa ya vyuo akiwa Oregon, na aliyakimbilia katika ligi ambayo chuo hicho hakimo tena. Leo mwanafunzi wa UCLA yuko ligi moja na chuo cha New Jersey. Hiyo ni mbali kuliko Nairobi na Johannesburg, na Jumatatu kuna mtihani.

*

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu ile sentensi haikutoka hewani.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa imelimbikizana, nikafungiwa kufanya mitihani, nikasema nitarudi muhula ujao. Muhula ujao nikawa nishapata kazi ya kuandika, nikasema nitarudi mwaka ujao. Wenzangu walihitimu. Mmoja yuko Doha, wawili wako Kanada, mwingine ana kazi ya serikali na kitambi. Kundi letu la WhatsApp lilibadilishwa jina likawekwa mwaka wa kuhitimu, nikajitoa polepole usiku, nikiomba lisinitangaze. Likanitangaza.

Kwa hiyo nilipokuwa nakitafutia maneno chuo kilichoachwa na wenzake, sikutafuta mbali. Nilichukua kile ninachojiambia mimi mwenyewe saa tisa usiku, nikakibandika kwa watu wa Pullman, nikalipwa dola 3 zaidi. Wala sikuwa nimeuliza hata swali moja: huko kuna nani, walifanya nini, nani aliwahi kupita pale? Ningeuliza, ningempata mtu wa Nandi.

Tarehe 14 Septemba 2024 nilitazama Apple Cup kwa simu, bando likiniishia. Hakuna aliyenituma. Ilichezewa Seattle. Washington State walikuwa mbele 24 kwa 19, na dakika za mwisho Washington wakafika karibu kabisa na mstari, jaribio la nne, hatua moja tu wafunge. Wakazimwa. Nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta. Watu wa Pullman walikimbilia uwanjani katika mji usio wao, kwenye mechi isiyokuwa hata ya ligi moja, na walifurahi kama vile hakuna kilichowahi kuondoka.

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yalinyooka. Msimu ulipoisha kocha wao aliondoka, na mchezaji wao nyota wa siku ile akaenda Oklahoma. Ligi yao imeanza kujengwa upya, imewavuta Boise State, San Diego State na wengine kuanzia 2026, na hao nao wamewaacha majirani zao nyuma. Mwaka 2025 Washington walilipiza kisasi hukohuko Pullman, 59 kwa 24. Mteja wangu naye alihama. Makala sasa anaandikiwa na programu, na nadhani programu haiombi nauli ya tokeni. Mimi bado niko Roysambu.

Lakini Juni 2025 nilisoma habari moja nikampigia mjomba kabla hata sijamaliza kuisoma. Washington State, kwa kukosa pesa, wametangaza kwamba wanaacha kurusha na kuruka, wanapunguza mbio fupi na viunzi, na timu yao ya riadha itategemea mbio ndefu. Wanarukaji na warushaji watafute pengine. Hilo linauma, na nilimwambia hivyo.

Mjomba alikaa kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo walipohesabu kila kitu, kilichobaki ni kile cha Rono."

"Ndiyo, mjomba."

"Hiyo sasa andika. Na uweke jina lako."