Lita Saba

Julai 2023 nilimuuliza dereva wetu swali ambalo baba yangu aliulizwa mwaka 1996, tena kwa maneno yaleyale: "Hizi lita zimeenda wapi?"

Nianze na gari lenyewe. Ni Toyota Fielder, haibridi, iliyotoka Japani ikiwa imetumika, na hadi leo ukiiwasha kuna mwanamke anayetusalimu kwa Kijapani. Tuliinunua kwa mkopo kwa ajili ya biashara yetu ya vitabu. Tunachukua mzigo kwa wachapishaji hapa Nairobi, tunaupeleka shuleni na kwa wateja wa mmoja mmoja, kuanzia Ruiru hadi Kitengela, na mara moja kwa mwezi Nakuru. Faida ya kitabu ni ndogo mno. Ukikosea kwenye usafiri, umeuza Bembea ya Maisha nzima nzima kumtajirisha mwenye pampu.

Muuzaji alituonyesha karatasi iliyosema kilomita 33 kwa lita. Hizo sijawahi kuziona, na sitegemei kuziona. Lakini Februari mwaka ule tulijaza lita 30.2 baada ya kilomita 589, yaani 19.5 kwa lita, nami nikafurahi kama mtu aliyepita mtihani. Nikaandika kwenye kijitabu kinachokaa dashibodi. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, kwa sababu ile 19.5 niliigeuza kuwa sheria.

Tabia ya kijitabu niliitoa kwa Baba. Alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala, na kila safari aliandika kilomita, lita, tani alizobeba na hali ya hewa. Hakuna aliyemwagiza. Aliandika kwa kuwa ofisini kulikuwa na karani mwenye namba moja tu: lori linakula kiasi hiki kwa kilomita, likizidi umeuza dizeli njiani. Sasa, Mombasa iko baharini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake, na mbele huko Timboroa barabara inafika karibu mita 2,700. Kwenda bara na ngano ni kupanda siku nzima. Kurudi pwani lori likiwa tupu ni mteremko. Namba moja haiwezi kusema ukweli wa safari zote mbili. Baba alipeleka daftari lake ofisini. Karani hakulifungua. Mwezi uliofuata Baba alikuwa nyumbani, mimi nikiwa darasa la sita, na mtaani pale wapo waliomwita mnyonya mafuta hadi tulipohama.

Ungedhani mtoto wa mtu kama huyo angejifunza kitu.

Julai ilikuja na mambo mawili kwa pamoja. VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, lita ikakaribia shilingi 195. Na ile baridi ya Nairobi ikaingia, ya mawingu wiki nzima, ya kuvaa sweta mbili. Niliona pesa za mafuta zikipanda nikalaumu serikali kama kila mtu. Kisha nikakaa na kijitabu, nikaiweka bei kando, nikahesabu lita peke yake: kilomita 431, lita 29.1. Hiyo ni 14.8. Kwa sheria yangu ya 19.5 zilipaswa kuwa lita 22. Lita saba hazikuwa na mwenyewe.

Dereva wetu ni kijana wa Githurai, mpole, ana miaka miwili nasi. Nilimngoja jioni arudishe gari. Nikamuuliza.

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Madam, kama kuna kitu unataka kusema, sema."

Sikusema. Aliingia kwenye gari, akafungua begi lake, akatoa bahasha yenye risiti za pampu za miezi minne, zimepangwa kwa tarehe, na nyuma ya kila moja ameandika kilomita kwa kalamu. "Nilijua siku moja utaniuliza," akasema. "Mimi pia naona hii gari inakula. Nilikuambia Mei, ukasema ni mvua."

Ni kweli aliniambia.

Usiku huo nilimpigia Baba, nadhani nikitaka aniambie kwamba sikukosea kuuliza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kuna baridi huko?" Nikamwambia ipo. "Na gari linatembea vipi? Safari ndefu au za kusimamasimama?" Za kusimamasimama, nikajibu, shule zinafunga muhula, tunakusanya madeni na vitabu vilivyobaki. "Na upepo wa magurudumu, nani anapima?" Hakuna aliyepima. Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Mama, umeandika lita na kilomita. Hukuandika kitu kingine chochote. Hilo si daftari, hiyo ni karatasi ya karani."

Basi nikaanza kujifunza gari nililokuwa nimeliendesha miaka miwili bila kulielewa.

Watu wengi, mimi nikiwemo, hudhani haibridi ina umeme wake na petroli ni ya kusaidia. Hapana. Haibridi kama yetu haichomekwi popote. Kila tone la umeme lililomo lilianza kama petroli kwenye tangi. Betri yake kubwa ikijaa kabisa ina umeme usiofika uniti moja, ile uniti unayonunua kwa tokeni ya stima nyumbani. Kinachofanya gari litumie mafuta kidogo ni kwamba ukipunguza mwendo, mota zinageuka kuwa jenereta na kuokota nguvu ambayo gari la kawaida huitupa kama joto kwenye breki. Halafu nguvu hiyo inakusogeza kwenye msongamano huku injini imezimwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya akiba iko katika vitu viwili: unavyosimama, na injini inavyopata nafasi ya kuzima.

Na baridi inainyima nafasi hiyo. Injini haikubali kuzima kabla haijapata joto lake, hata kama umesimama kwenye taa za barabarani. Ukiwasha hita ya kupasha miguu, joto lile linatoka kwenye maji ya injini, hivyo injini inazidi kukaa macho ili kulitengeneza. Safari ya kilomita tatu asubuhi ya Julai inakwisha kabla gari halijawa haibridi. Linasimama nje ya shule nusu saa, linapoa, linaanza upya. Sisi tulikuwa na safari kama hizo sita au saba kwa siku. Hapo peke yake nilikuwa nimepata mwizi mmoja, naye hakutoka Githurai.

Wa pili alikuwa kwenye magurudumu. Kibandiko cha presha kipo pale kwenye nguzo ya mlango wa dereva, sikuwahi kukisoma. Mawili ya nyuma yalikuwa chini kwa karibu psi sita. Hewa ikipoa presha hushuka, kama psi moja kwa kila nyuzi tano au sita za joto, lakini hiyo ni sehemu ndogo. Kubwa lilikuwa uzembe. Tangu siku hiyo tunapima kila Jumatatu asubuhi kabla gari halijatembea, maana gurudumu likishapata moto linadanganya.

Wa tatu ndiye aliyekaribia kutumaliza. Feni moja huko nyuma ilikuwa ikivuma kwa sauti ambayo sikuizoea, na gereji ya kwanza tuliyokwenda ilitazama kwa dakika kumi ikatangaza: betri kubwa imekufa, tafuta elfu mia na ishirini. Sikuwa nazo. Nashukuru sikuwa nazo, ningelipa. Fundi wa pili, mzee mmoja wa magari ya Kijapani, aliuliza tu tunabeba nini. Vitabu, tukasema. Akainama kando ya kiti cha nyuma, akatuonyesha mdomo wa hewa, ule wenye matundu ambao kila mtu anadhani ni pambo. Betri hupoa kwa hewa ya ndani ya gari, na hewa hiyo inapita hapo. Ulikuwa umezibwa na katoni. Nyuma yake, feni ilikuwa imevaa vumbi la barabara na la karatasi kama sweta. Betri ikipata joto kupita kiasi, gari linaikinga kwa kuipunguzia kazi, na kazi hiyo inarudi kwa injini, yaani kwa petroli.

Nani aliyeamuru viti vilazwe na makatoni yapangwe hadi huko? Mimi. Aprili, muhula wa pili ukikaribia, ili kupunguza safari. Dereva aliniambia katoni za pembeni zinabana. Nikamwambia azibane zaidi.

Alisafisha, akatulipisha elfu tatu na mia tano.

Sikupata 19.5 tena Agosti. Tulipata 17.2, nami nusura nianze tena kuhesabu lita ambazo hazina mwenyewe. Lakini baridi ilikuwa bado, na 17.2 ya mwezi wa baridi kwa gari la mizigo mjini ni namba nzuri. Sasa kijitabu kina safu za mzigo, hewa, na aina ya safari, na dereva ndiye anayeziandika. Miezi ya baridi tunaanza na kituo cha mbali zaidi, injini ipate moto mara moja, kisha tunarudi tukiangusha mzigo njiani. Hatuliwashi gari na kulingojea lipate joto limesimama. Linapata joto upesi likitembea polepole. Wakati wa joto, Januari na Februari, injini inafurahi lakini betri haifurahi, kwa hiyo ile tabia ya kubana AC hadi jasho litoke tumeiacha. Inakula, ndiyo. Lakini hewa unayoivuta wewe ndiyo inayoipoza betri, na gari lililoanikwa juani tunalifungua madirisha kwanza kabla ya kuiwasha. Mvua ni shida ya aina yake: maji barabarani yanayavuta magurudumu, vioo vinapata ukungu, msongamano unaganda. Hapo unakubali tu.

Kubwa kuliko yote ni mguu. Kuna mshale kwenye dashibodi unaoshuka hadi CHG ukiachia mafuta au ukigusa breki. Dereva wetu ameufanya mchezo. Anaona taa nyekundu ya mbali kule Thika Road, anaachia mapema, anagusa breki kwa upole na muda mrefu, na gari linameza mwendo wake lenyewe. Ukikanyaga breki ghafla, pedi zinaingilia kati na nguvu inapotea kama kwenye gari lolote. Matatu za nyuma zinampigia honi mbaya sana. Haharakishi.

Mimi mwenyewe nilikuwa na ugonjwa wa kurithi: nikiona mteremko naweka gia kwenye nyutro, kama Baba alivyokuwa akifanya na lori, gari lijishukie bure. Kwenye haibridi ni hasara tupu, maana ikiwa nyutro betri haichajiwi kabisa. Sikuizungumzii hatari yake. Baba mwenyewe alizika wenzake wawili kwa sababu ya nyutro.

Novemba alikuja Nairobi kwa kliniki ya macho, na tukamrudisha Nakuru pamoja na mzigo wa mwezi. Zilikuwa zile mvua za El Niño. Petroli ilishapita shilingi 211 tangu Septemba. Baba alikaa mbele, mimi nyuma na makatoni, kiti kimoja kimesimamishwa na ule mdomo wa hewa uko wazi karibu na mguu wangu. Baada ya Limuru tulichukua barabara ya chini, ile ya kanisa dogo la Waitaliano, ukungu mzito, malori mbele yetu yakinuka breki. Katikati ya mteremko betri ilijaa, dereva akavuta gia hadi B, na injini ikaanza kunguruma.

"Inakula mafuta tukishuka?" Baba akauliza.

"Hapana, mzee," dereva akamjibu. "Betri imeshiba, haina pa kuweka tena. Sasa injini inazungushwa tu kutushikia gari, haichomi kitu."

Baba alitazama mshale kwa muda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia gotini, lakini ule wa karibu na gia niliuona ukifungukafunguka. Alimwuliza anaendesha tangu lini, kwa nani, analipwa kwa siku au kwa mwezi. Nilitazama nje.

Mai Mahiu tulisimama kwa chai. Niliporudi kwenye gari nilimkuta amefungua kijitabu, amekisogeza karibu na pua kwa sababu ya macho, anakisoma ukurasa kwa ukurasa, Februari hadi Novemba. Kisha akaomba kalamu, si kwangu, kwa dereva, na kwenye mstari wa siku hiyo akaandika kwa herufi zake kubwa za zamani: *Mvua. Mteremko. Katoni 14. Mzee 1.*