Sailensa Isiyotulia

Kazi ya gereji Sumbawanga niliianza barabara ya Tunduma ikiwa bado vumbi. Tulikuwa watu wa malori ya mahindi na Land Rover za dizeli. Lami ya zaidi ya kilomita 220, iliyojengwa kwa fedha za mkataba wa Milenia ambao Marekani na Tanzania zilitia saini mwaka 2008, ndiyo iliyoniletea kwa wingi magari madogo ya petroli yenye tabo. Na magari hayo yakaniletea ugonjwa ulionifundisha kazi upya: sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inayopanda na kushuka.

Kijana mfanyabiashara wa dagaa alipandisha lake kutoka Kasanga. Toka Ziwa Tanganyika hadi kwetu ni mlima wa mita elfu moja hivi, na njia nzima gari lilikosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Likisimama, mshale unashuka 500, unaruka 1,200, unarudi.

"Shikamoo fundi. Wameniambia tabo imekufa, ninunue nyingine."

"Marahaba. Usinunue kitu kwanza, mwanangu."

Plagi, koili na pampu ya mafuta zilikuwa zimeshabadilishwa. Nikachomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kwenye sailensa kompyuta ilikuwa inaongeza petroli asilimia 22. Nikaweka resi 2,500, nyongeza ikashuka hadi 3. Kama pampu ingekuwa dhaifu, nyongeza ingekua kadiri resi inavyopanda. Ikipungua namna ile, kuna hewa inayoingia bila kupita kwenye sensa ya hewa: tundu lilelile huonekana kubwa injini ikivuta kidogo, na dogo ikivuta nyingi.

Wazee wetu wa Ufipa walioyeyusha chuma wangenielewa haraka. Tanuru lao refu la udongo, ilungu, lilivuta upepo lenyewe. Lile dogo la kusafishia chuma, kintengwe, lilipulizwa kwa mivukuto. Injini yenye tabo ni matanuru yote mawili kwa zamu. Kwenye sailensa inavuta, kwa hiyo tundu lililo nyuma ya throto linaingiza hewa ya wizi na moto unakosa petroli. Mlimani tabo inapuliza, tundu lilelile linatoa nje hewa ambayo sensa imeshaihesabu, petroli inazidi, moshi unakuwa mweusi. Mwenye gari anaona magonjwa mawili, kumbe ni tundu moja.

Niliziba mdomo wa bomba la hewa, nikaingiza upepo wa kompresa ya matairi, psi chache tu, maana ukizidisha unasukuma sili za oili. Halafu povu la sabuni, kiungo kwa kiungo. Povu lilichemka chini ya manifodi, kwenye mpira wa kupumulia wa injini, pale unapojikunja. Kwa juu mpira ulikuwa mzima kabisa. Nilipoupinda kwa kidole gumba ndipo ufa ukafunguka, kingo zake zimekauka na kushika vumbi jekundu. Mpira mpya uligharimu chini ya bei ya plagi moja. Sailensa ikasimama 750.

Liko jambo moja ambalo vitabu havimwambii fundi wa huku, na linaniuma kwa sababu nimeona injini nzima zikifunguliwa kwa ajili yake. Kitabu kinasema geji ya vakyumu isome inchi 18 hadi 22. Hiyo ni namba ya pwani. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni pungufu kwa takriban moja ya tano, na kila mita 300 unazopanda geji inapungua inchi moja hivi. Injini yenye afya hapa husoma 12 hadi 16. Fundi asiyelijua hilo ataihukumu valvu isiyo na kosa.

Mafundi wenzangu wa nyanda za juu, pimeni injini yenye afya hapohapo mlipo, namba zake mziandike ukutani. Na povu la sabuni litangulie kabla hamjamwandikia mteja orodha ya spea.