Mwezi wa Kumi na Moja Mjini Seoul

Ukitoka katika kituo cha treni cha Daechi, kusini mwa mto Han mjini Seoul, utapokewa na mabango. Yamepanda ukutani ghorofa baada ya ghorofa: hesabu, sayansi, insha, Kiingereza. Haya ni madarasa ya kulipia ambayo Wakorea huyaita hagwon. Mtoto akitoka shuleni alasiri huingia humo hadi usiku. Kwa miaka mingi kanuni za jiji zimetaka yafungwe saa nne usiku. Saa hiyo ikigonga, wanafunzi humiminika barabarani na mikoba mgongoni, nayo magari ya wazazi yamejipanga kuwangoja.

Nyuma yao utamwona kijana wa kigeni, vitabu kwapani. Ni mwalimu wa Kiingereza. Viza yake, iitwayo E-2, hutolewa hasa kwa raia wa Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Hutakiwa kuwa na shahada ya fani yoyote na hati ya polisi ya mwenendo mwema. Sisi Watanzania hatumo katika orodha hiyo, lakini mkataba wake una somo kwa kila aishiye kwa mshahara.

Hebu jiweke mahali pake. Karatasi imekufikia ungali nyumbani kwenu: kazi ya mwaka mmoja, nyumba ya bure, nauli ya ndege. Moyo unakuhimiza utie saini. Ngoja kwanza.

Uliza habari ya saa. Mkataba ukisema saa 30 kwa wiki, je, ni saa za kufundisha tu, au ni pamoja na kusahihisha madaftari na kuwaandikia wazazi taarifa? Sheria ya Korea huhesabu saa 40 kwa wiki kuwa kazi ya kawaida. Uliza habari ya nyumba: nani atalipa gesi ya kupasha chumba joto, maana Januari maji ya Seoul huganda?

Kisha tazama makato. Ukiona kodi ya asilimia 3.3 peke yake, shtuka. Hayo ndiyo makato ya mtu aliyejiajiri. Mwajiri anayekuandikisha hivyo hukwepa kuchangia pensheni na bima yako ya afya.

Jambo zito kuliko yote ni kiinua mgongo. Mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja hustahili malipo ya siku 30 za wastani wa mshahara wake. Kwa sababu hiyo mwezi wa kumi na moja ni mwezi wa hofu. Wapo waajiri ambao, mwaka ukikaribia kutimia, huanza kumtafutia mwalimu makosa ambayo miezi kumi hawakuyaona, kisha humwachisha kazi. Naye viza yake imefungwa kwa mwajiri huyo, na chumba anacholala ni cha mwajiri huyo. Kwa barua moja hupoteza kazi, kitanda na ruhusa ya kukaa nchini.

Basi nguvu yako i wapi? Iko kabla ya saini. Mwaka wa shule wa Korea huanza Machi, na darasa lisilo na mwalimu ni hasara kwa mwenye nalo. Wakati huo ndipo useme: notisi ya siku 30 iandikwe, saa zifafanuliwe, kiinua mgongo kitajwe. Omba kuzungumza na mwalimu anayeondoka. Mkataba ukiwa wa lugha mbili, uliza ni ipi itakayofuatwa mkizozana. Ukishatia saini, hifadhi nakala pamoja na kila hati ya mshahara, kwa kuwa kifungu kilicho chini ya sheria ni batili, na ofisi ya kazi hupokea malalamiko ya mgeni sawasawa na ya mwenyeji.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mfanyakazi, awe Seoul au Dar es Salaam, ni jasho lake, na daftari lake ni mkataba. Usome, ndugu yangu, kabla haujakusoma wewe.