Saa ya Bonane: Wanafunzi wa Kolwezi na Sikukuu za Ugenini

Katika Kiswahili cha Katanga neno Bonane, lililotokana na salamu ya Kifaransa ya kutakiana heri ya mwaka mpya, halitaji siku ya kwanza ya Januari peke yake, bali hukusanya ndani yake mkesha wa kuamkia siku hiyo, nguo mpya za watoto, kuku aliyetunzwa kwa ajili ya wageni, na matembezi ya nyumba kwa nyumba ambayo hayakatizwi hata na mvua, kwa kuwa Noeli na Bonane huangukia katikati ya majira ya mvua, maembe yakiwa yameiva na uyoga wa porini ukiuzwa kando ya barabara. Kwa familia ya Kolwezi, mji wa migodi ya shaba wa Katanga, kusini mwa Kongo, yenye mtoto masomoni ng'ambo, Bonane ni pia saa ya kumkumbuka asiyekuwepo. Saa hiyo imehama mara kadhaa, maana kila kizazi kilikwenda kusoma upande wake wa dunia, na kuhama huko kumefuata kwa karibu mno historia ya shaba.

Njia ya kwanza ilielekea Ubelgiji, ambako usiku wa manane wa Kolwezi ni saa tano tu ya usiku, hivyo mwanafunzi aliingia mwaka mpya baada ya wazazi wake. Waliotangulia walikuwa wachache sana: Thomas Kanza, aliyeingia Chuo Kikuu cha Louvain mwaka 1952, anahesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupokewa katika chuo kikuu cha Ubelgiji, na V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 huko Jadotville, mji wa ukanda huohuo wa shaba ambao leo unaitwa Likasi, alipata udaktari wake Louvain mwaka 1970. Wakati huo Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi ambayo wafanyakazi wake waliiita kampani bila kuongeza neno, ilikuwa imekwisha kunyang'anywa migodi, kwani katika siku zilezile za kuingia mwaka 1967 mali zake zilichukuliwa na shirika la dola lililokuja kujulikana kama Gécamines, na shirika hilo lilihitaji wahandisi wazalendo.

Sikukuu ya mwanafunzi wa kizazi hicho ilikuwa ya karatasi. Barua ya Noeli ilipaswa kuandikwa mapema ili ifike kwa wakati, na kwa sababu hiyo mama alikuwa akieleza furaha ya siku ambayo bado haijafika, naye mtoto aliisoma peke yake chumbani, dirisha likiwa limefungwa kwa baridi. Baadaye zilikuja kanda za kaseti, zilizobebwa na wasafiri, ambazo zilileta kitu ambacho barua haikuweza: jogoo wa jirani, mvua juu ya bati, sauti ya mdogo wa mwisho aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka. Mjini Brussels ilikuwepo Maison Africaine, nyumba ya malazi ya wanafunzi iliyofunguliwa Ixelles mwaka 1961, na karibu nayo ukakua mtaa uliochukua jina la Matonge kutoka Kinshasa. Hapo sombe, yaani kisamvu, na bukari, yaani ugali, vilipatikana hata wakati wa theluji, ingawa aliyetoka Kolwezi alisikia Kilingala kikivuma pande zote na akalazimika kukitafuta Kiswahili chake.

Mwaka 1974 ulileta hali ya ajabu inayostahili kukumbukwa zaidi kuliko inavyokumbukwa. Serikali ya Rais Mobutu, iliyokuwa imekwisha kupiga marufuku majina ya Kikristo, iliiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa, hivyo tarehe 25 Desemba mwanafunzi aliyekuwa Louvain au Liège alipumzika kwa sheria ya Wabelgiji, huku baba yake akiwajibika kuingia zamu mgodini. Kwa siku hiyo aliyekosa sikukuu ni yule aliyebaki nyumbani.

Mwaka 1990 pigo halikuja moja. Mwezi Mei wanafunzi walishambuliwa usiku katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na mzozo uliofuata ukavunja ushirikiano wa Ubelgiji na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo; mwezi Septemba sehemu ya mgodi wa Kamoto, nje kidogo ya Kolwezi, iliporomoka, na Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufikisha 50,000. Katikati ya hayo, mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, zikalala kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Mwanafunzi wa familia hizo aliyekuwa Ulaya alipoteza hata anwani ya kupeleka salamu zake, na huo, kwa maoni ya mwandishi, ndio upweke uliopita upweke wote unaosimuliwa hapa.

Shaba ilipoamka tena, baada ya sheria ya madini ya mwaka 2002 na mkataba wa mwaka 2008 uliozaa Sicomines, kampuni ya ubia kati ya Gécamines na mashirika ya Kichina, njia ya masomo nayo iligeukia mashariki, na mwaka 2018 China iliahidi Afrika nafasi 50,000 za ufadhili wa masomo kwa miaka mitatu. Katika miji kama Changsha na Wuhan, yenye vyuo vinavyosifika kwa elimu ya madini, tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi, na likizo ndefu huja na Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani mwaka mpya wa Kichina, kati ya tarehe 21 Januari na tarehe 20 Februari, ambapo mabweni hubaki matupu na mgeni hupika bukari yake kwa unga wa mahindi aliouhangaikia.

Usiku wa manane wa China ni saa kumi na mbili jioni Kolwezi. Kwa hiyo mtoto wa leo huutangulia mwaka wa wazazi wake kwa saa sita, na simu yake yenye picha hulia wakati kuku bado ananyonyolewa uani, ikiwa umeme upo wa kuichaji, jambo ambalo katika mitaa mingi halina uhakika ingawa waya mkubwa wa umeme kutoka mabwawa ya Inga, wenye urefu wa takribani kilomita 1,700, unafika Kolwezi. Wiki chache baadaye, katika kambi za migodi za mji huohuo, mafundi wa Kichina hunyanyua simu zao usiku wa sikukuu yao wenyewe, nao wakiwaonyesha watoto wao mvua ya Kolwezi.