Haraka Yenye Baraka

Methali ya kwamba haraka haraka haina baraka imefundishwa katika lugha yetu kwa muda mrefu hata imekuwa kama hukumu isiyo na rufani. Mzee humwambia kijana, mwalimu humwambia mwanafunzi, na mvivu hujiambia mwenyewe. Wawili wa kwanza hunena kwa busara. Wa tatu huiba busara ya wenziwe apate kivuli cha kulala. Mimi, ambaye riziki yangu hutoka katika kufundisha methali, nimeulizwa mara nyingi kama methali hii si adui wa maendeleo katika dunia ambayo kila kitu kinakwenda mbio. Swali ni la haki, na haki ya swali ni jibu. Jibu langu nililipata mahali nisipopatarajia: katika historia ya watu ambao kazi yao yote ni mbio. Watu hao ni ndugu wa ukoo wa Wood, wa mji mdogo wa Stuart, jimbo la Virginia, Marekani.

Glen Wood alizaliwa mwaka 1925, na kazi iliyompa mkate ilikuwa kupasua magogo na kuuza mbao. Mwaka 1950 aliingia katika mashindano ya magari ya aina iuzwayo madukani, yaliyoimarishwa kwa ajili ya mbio. Gari lake la kwanza liliungua njiani lilipokuwa likivutwa kurudi nyumbani. Mtu mwingine angalisoma moto ule kama barua ya kumwachisha kazi. Yeye aliusoma kama somo la kwanza. Nduguze, Leonard, Delano, Clay na Ray Lee, walikuja kushika kazi pamoja naye. Mchana walitafuta riziki, jioni walishika spana. Leonard alikuwa na umri wa miaka 15 tu kundi lilipoanza, lakini kichwa chake kilikuwa karakana. Mwaka 1960 Glen alishinda shindano lake la kwanza la daraja la juu, katika uwanja wa Bowman Gray, mjini Winston-Salem. Baadaye aliacha usukani kwa madereva wengine, akabaki kuwa mkuu wa nyumba.

Sifa kubwa ya ndugu hawa haikutoka mwendoni bali kituoni. Gari la mashindano halina budi kusimama mara kadhaa litiwe petroli na kubadilishwa matairi. Watu wengi walidhani mbio zimekoma kwa muda gari linaposimama. Ndugu wa Wood waliona kinyume chake. Gari liendalo maili 150 kwa saa hupita futi 220 katika kila sekunde moja; basi anayepoteza sekunde 10 amesimama amewapa washindani wake futi 2,200 bure. Dereva gani awezaye kuzirudisha kwa ushujaa wa mguu wake peke yake? Wakaichambua kazi kama mshairi achambuavyo mizani: nani ainue jeki, nani afungue nati, nani apokee tairi, mguu upi utangulie. Leonard akaunda jeki nyepesi kuliko zile za kawaida. Wakafanya mazoezi mpaka mikono ikajua bila kuuliza kichwa.

Mwaka 1965 kampuni ya Ford iliwaita Indianapolis wahudumie gari la Jim Clark, dereva wa Uskoti, katika mashindano ya maili 500. Mwaka uliotangulia moto mkubwa ulikuwa umeua madereva wawili uwanjani hapo, na kanuni mpya zikakataza kusukuma petroli kwa nguvu ya shinikizo. Ilipasa ishuke kwa uzito wake yenyewe, kama maji yashukavyo mtungini. Ndugu wa Wood hawakuanza kwa kukimbia. Walianza kwa kuketi, wakakagua tangi na vali zake, wakalainisha kila mahali palipozuia mkondo. Siku ya mashindano Clark alisimama mara mbili, wala kusimama kokote hakukufika nusu dakika. Katika mizunguko 200 alitangulia mizunguko 190, akashinda. Watazamaji waliona sekunde. Hawakuona siku zilizofichwa ndani ya sekunde zile.

Ajabu ni kuwa baadhi ya ushindi mkubwa wa kundi hili haukupatikana kwa haraka hata kidogo. Mwezi wa Februari 1963, huko Daytona, dereva wao Marvin Panch alipinduka katika gari jingine alilokuwa akilijaribu, likashika moto. Mmoja wa watu waliojitupa motoni kumwokoa alikuwa Tiny Lund, dereva mwenye mwili mkubwa aliyekuwa hana gari la kuendesha. Panch alilazwa hospitali, na Lund akapewa usukani wa gari namba 21. Ndugu wa Wood, mabingwa wa kubadilisha matairi, waliamua kutoyabadilisha. Gari lilimaliza maili 500 kwa matairi yale yale liliyoanza nayo, likasimama mara chache kuliko washindani wake, likashinda. Tazama, msomaji, busara iliyoje: ajuaye kufanya jambo upesi kuliko watu wote ndiye aliyejua siku ya kutolifanya.

Mwaka 1976, uwanjani hapo hapo, David Pearson wa kundi la Wood na Richard Petty walikuwa wakifukuzana katika mzunguko wa mwisho. Waligongana, wakajipiga ukutani, magari yote mawili yakazunguka kama pia. La Petty lilisimama karibu mno na mstari wa mwisho, injini imezimika. Pearson, katika msukosuko ule, alikumbuka kukanyaga klachi ili injini yake isife. Gari lililopondeka likajikokota nyasini, mwendo wa maili kama 20 kwa saa, likavuka mstari. Mashindano ya watu waendao kasi kuliko ndege wengi wa angani yaliamuliwa kwa mwendo wa baiskeli.

Lakini historia ya kweli haifichi doa. Mwaka 1979, huko Darlington, Pearson aliingia kituoni akidhani atabadilishiwa matairi mawili, kumbe mafundi wanabadilisha manne. Nati za upande wa kushoto zilikuwa zimelegezwa. Yeye akaondoka mbio. Magurudumu yakachomoka kabla hajarudi njiani. Mikono ya mafundi ilikuwa myepesi kama siku zote na mguu wa dereva kadhalika. Kilichokosekana ni masikilizano. Siku chache baadaye kundi na dereva wake waliachana, baada ya kushinda pamoja mara 43.

Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu kwa muda. Nimekwisha kuona mbio za namna hiyo kwa macho yangu. Dada yangu alipotokwa na damu baada ya kujifungua, katika hospitali ambayo sitaitaja, sikuona mtu aliyekaa. Wauguzi walikimbia, daktari alikimbia, mfagizi naye alikimbia. Kila mmoja alikuwa na huruma usoni na jasho kifuani. Kilichotakiwa kilikuwa ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati haukujulikana uko kwa nani. Ulipopatikana, dada hakuwa na haja nao tena. Tangu siku hiyo siwezi kumsifu mtu kwa kuwa anakimbia, wala kumlaumu kwa kuwa ametulia, mpaka nimejua ufunguo uko wapi.

Hapa ndipo lugha yetu inapotufaa, tukiisikiliza kwa makini. Methali haikusema haraka haina baraka. Imesema haraka haraka. Neno limerudiwa, na katika Kiswahili kurudia si pambo tupu. Kutanga si sawa na kutangatanga, wala kusema si sawa na kusemasema. Aghalabu neno likirudiwa hivyo hupoteza shabaha yake: kitendo kinabaki, kusudi linatoweka. Basi ninavyoisoma mimi, methali inalaani ile haraka iliyopotewa na kusudi, inayojifuata yenyewe kama mbwa afuataye mkia wake. Wepesi uliotayarishwa haukutajwa katika hukumu hiyo. Wahenga hawakuwa wavivu. Nahodha aliyesubiri pepo kwa miezi alijua kutweka tanga mara moja upepo ulipogeuka.

Ndugu wa Wood nao walijua kusubiri. Baada ya ushindi wa mwaka 2001 huko Bristol, walikaa karibu miaka 10 bila kushinda. Makundi yenye mali nyingi yaliwapita, na kuanzia mwaka 2009 wakawa wanashiriki baadhi tu ya mashindano ya mwaka. Hawakufunga karakana. Tarehe 20 Februari 2011 kijana Trevor Bayne, aliyetimiza miaka 20 siku moja kabla, aliwashindia maili 500 za Daytona. Glen alifariki mwaka 2019, mwenye miaka 93. Mwezi wa Agosti 2024 Harrison Burton, aliyekwisha kuambiwa kuwa hataendelea na kundi mwaka unaofuata, aliwapa ushindi wa 100, na Leonard aliishi kuuona. Wenye kasi wale walihitaji miaka 64 kutoka ushindi wa kwanza hadi wa mia.

Kwa hiyo mwanafunzi anapouliza kama methali hii imezeeka, humwambia aitumie kama kipimo kabla hajaitumia kama kitanda. Ajiulize: mikono yangu imefundishwa? Wenzangu wanajua nitakalofanya? Ufunguo uko kwa nani? Mwenye majibu na akimbie, na baraka itakimbia pamoja naye. Asiye nayo hata akienda pole amechelewa, na akienda mbio amechelewa zaidi.