Barua kutoka Minneapolis

Dada yangu mpendwa,

Mimi mzima, ila masikio sina hakika kama bado ninayo. Ijumaa nilipotua, simu ilisema nyuzi 20. Nikacheka, nikatoka na sweta langu la Limuru. Kumbe Wamarekani wanapima kwa Fahrenheit. Kwa hesabu yetu ni karibu 7 chini ya sifuri! Mwenyeji wangu alinivika koti nene kama godoro.

Jumamosi tulikwenda Karmel, soko la Wasomali. Ungedhani uko Eastleigh: moshi wa udi, chai ya iliki, madira ya kumetameta. Sambusa moja dola 2, yaani shilingi kama 260! Nikaagiza kwa Kiingereza cha kujikakamua. Muuzaji akacheka: "Sema Kiswahili tu, dada. Mimi nimekulia kambini Dadaab."

Jumapili muuzaji huyo akanialika kwake, kwenye maghorofa ya Cedar-Riverside. Nikampakata mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, nikauliza kwa kujiamini, "Surua kashachanjwa? Kwetu huanza miezi 9." Kimya. Nikajua nimekanyaga pabaya.

"Nyingine zote amepata," akasema taratibu. "Hii ya surua, rubella na matubwitubwi nasubiri kwanza aanze kusema."

Anaogopa chanjo hiyo italeta usonji. Kisomali hakikuwa na neno lake. Mama wa hapa waliona watoto wakichelewa kusema, wakauliza sababu, madaktari wakakosa jibu. Ndipo Andrew Wakefield, daktari wa zamani kutoka Uingereza, alipowafikia na nadharia yake ya mwaka 1998 kwamba chanjo hiyo ndiyo chanzo, iliyotokana na utafiti wa watoto 12 tu, ambao jarida la Lancet liliufuta 2010. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji wakaugua. Mwaka 2004 watoto 92 kati ya 100 wa Wasomali wa Minnesota walikuwa na chanjo hiyo. 2014 walibaki 42. Surua ilipoingia 2017, ilikamata watu 75, wengi wao watoto wa Kisomali.

Bibi wa mtoto, aliyekuwa kimya na tasbihi yake, akasema kwa Kiswahili cha kambini: "Dadaab nilipanga foleni tangu alfajiri kwa sindano hiyo. Hawa surua wanaisikia. Mimi nimeizika."

Hakuna aliyejibu. Chai ikamiminwa tena.

Nilipoaga, mtoto akanipungia mkono: "Baibai!"

Bibi akamgeukia mkwewe. "Umesikia? Amesema."

Wako akupendaye.