Sifa Asubuhi, Tusi Jioni

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja jijini Kampala. Siku moja nilivaa gauni jekundu nililoshonewa na mama. Mwenzangu wa chumbani akapiga makofi: "Leo ume-slay!" Nilifurahi. Jioni nilikwenda nyumbani na gauni lile lile. Mjomba akanitazama, akasema, "Kumbe nawe umekuwa slay queen?" Nikanyamaza, kwa maana kwetu huitwa hivyo msichana anayependa anasa na pesa za wanaume.

Neno moja linawezaje kuwa sifa asubuhi na tusi jioni? Nikaamua kutafuta asili yake. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kuua. Maana ya kupendeza hadi watazamaji waishiwe nguvu ilikuzwa katika mashindano ya mavazi na miondoko huko Harlem, New York. Walioshindana walikuwa mashoga na watu waliobadili jinsia, Weusi na Walatino. Baadhi yao walifukuzwa makwao, wakaunda "nyumba" zao zenye mama wa kuwalea. Filamu ya Paris Is Burning ya mwaka 1990 inawaonyesha. Humo Dorian Corey anaeleza maana ya "shade", yaani kumchoma mtu bila kumtukana waziwazi. Watu wa pwani wangeelewa mara moja: hicho ni kijembe.

Hata neno "shoga" lina safari yake. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba pwani ni jina ambalo mwanamke humwita rafiki yake wa kike. Siku hizi wengi wanalijua kama tusi tu.

Nina jambo la kukiri. Mwaka 2023, sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ilipotiwa saini hapa Uganda, bwenini tulishangilia. Nami nilipiga makofi. Muda si muda tulikuwa mbele ya kioo, tukisifiana kwa "slay". Wahenga walisema kweli: shukrani ya punda ni mateke.

Nilipomsimulia mwenzangu haya, alicheka, kisha akatulia. "Kwa hiyo tusiliseme tena?" akauliza.

"Tuliseme," nikamjibu. "Ila tukumbuke tumelipokea kwa nani, na siku ile tulimpigia nani makofi."